Kabla Hujafungua Kopo la Rangi: Niliyojifunza Nikipaka Upya Makabati ya Jikoni

Makabati yetu yalikuwa yamechakaa sura, mwili bado mzima. Vanishi ilikuwa imegeuka nyeusi pale mikono inaposhika kila siku, milango ya karibu na jiko ilikuwa na utando wa mafuta usiotoka kwa kitambaa, na chini ya sinki rangi ilishaanza kubabuka. Tuliomba makadirio ya kung'oa yote na kuweka mapya. Tulipoyasoma, mume wangu alisema tuyaache yalivyo, tutayazoea. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuyazoea kwa miaka, kwa hiyo nikasema nitayapaka mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya mtu anayesimama jikoni kwake leo akifikiria jambo hilohilo. Kazi hii inawezekana bila kuwa fundi. Lakini inachosha kuliko inavyoonekana kwenye picha za kabla na baada, na karibu kila kitu ndani yake kinaamuliwa na swali ambalo wengi wetu hatuliulizi: hiyo rangi itabebwa na nini? Kuchagua rangi ni raha, na kila mtu nyumbani atakuwa na maoni. Itakayobanduka kwa ukucha na itakayokaa miaka zinaweza kutoka kopo moja.

Jirani yetu ni fundi seremala aliyestaafu. Nilimwomba aje aangalie kabla sijanunua chochote. Milango hakuigusa kwanza. Alichomoa droo moja nzima, akapapasa pembe zake za ndani, akatikisa fremu, kisha akapiga magoti mbele ya sinki na kubonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba.

"Mwanangu," akasema, "hapa pamekunywa maji. Rangi haishiki kitu kilichooza."

"Kwa hiyo nisipake, mzee?"

"Upake. Ila hapa ubadilishe ubao kwanza. Na huko kwingine ujue unapaka nini."

Ubao ule ulikuwa wa chipubodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi. Chipubodi ikishavimba kwa maji hairudi ilivyokuwa, hata ikauke vipi. Kwetu ulikuwa ubao mmoja tu, tukaubadilisha kwa plaiwudi ambayo kingo zake niliziziba kwa rangi pande zote kabla haijaingia. Kama masanduku yenyewe ya makabati yako yamevimba, yanapukutika kwenye pembe, au skrubu za bawaba hazishiki popote, hifadhi pesa zako. Kupaka upya ni kwa makabati ambayo mifupa yake imesimama.

Baada ya hapo tukakaa naye tukatambua vifaa. Jiko letu lilikuwa na vitu vinne tofauti vilivyopakwa vikafanana. Fremu za mbele zilikuwa mbao halisi. Milango mingi ilikuwa na vinia, ule utando mwembamba wa mbao nzuri uliobandikwa juu ya ubao wa kawaida. Makabati mawili yaliyoongezwa baadaye yalikuwa chipubodi yenye melamini, ngozi ngumu laini isiyonyonya chochote. Na mlango mmoja kando ya jiko ulikuwa MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyovikwa ngozi ya plastiki, ambayo joto lilikuwa limeshaanza kuiachanisha pembeni.

Ukitaka kutambua, toa mlango na uangalie ukingo wake na ndani ya tundu la bawaba. Hapo hapadanganyi. Mbao halisi huonyesha nyuzi zinazopita kutoka uso hadi ukingo. Vinia huonyesha mstari mwembamba juu, kisha kitu kingine chini. Chipubodi ni punje kubwa, MDF ni laini kahawia kama keki iliyoshindiliwa. Ngozi ya plastiki ukiishika kwa ukucha pembeni huinuka kama stika kuukuu, na ikishainuka usiipake: rangi itaondoka pamoja nayo. Tuliipasha joto kwa bunduki ya hewa moto, ikavutika yote, tukabaki na MDF tupu ambayo inapakika vizuri.

Kuna kipimo kingine kinachotangulia vyote, na hiki naomba usikiruke kama nyumba ni ya zamani. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Shirika la Afya Duniani linahimiza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni kwenye rangi na linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Kama huna uhakika na tabaka za chini, peleka kipande kikapimwe maabara kabla ya kupiga msasa, na ikithibitika ni risasi, kazi ya kuitoa iachie watu wenye vifaa vyake.

Halafu ndipo tukavunja jiko. Hakuna aliyeniambia kwamba kupaka makabati ni kuishi bila jiko huku unapika kila siku. Vyombo vilihamia sebuleni kwenye maboksi, vikombe vikawa chini ya kitanda, chumvi ikatafutwa kila jioni. Ningependa mtu aniambie mapema: gawa kazi. Toa milango na droo zote zipakwe kwingine, na fremu uzifanye upande mmoja kwa wakati, ili ubaki na kona moja ya kupikia. Familia itavumilia mengi ikipata chai asubuhi bila kutafuta sufuria.

Milango inafanana mpaka siku ya kuirudisha. Kila mmoja ulipewa namba, na namba hiyohiyo ikaandikwa ndani ya kabati lake na kwenye mfuko wa skrubu na bawaba zake. Tepu ya karatasi hung'oka wakati wa kuosha, na kalamu hufutwa na msasa. Mahali pazuri pa kuandika ni ndani ya tundu la bawaba. Bawaba za kikombe zinazotumika kwenye makabati mengi ya kisasa hukaa kwenye tundu la milimita 35, ambalo halipakwi na baadaye hufunikwa na bawaba yenyewe. Namba ikikaa mle, inakaa. Bawaba zenyewe usizipake rangi. Rangi juu ya kitu kinachojikunja kila siku itapasuka, na chembe zake zitaingia kwenye maungio.

Kuosha ndiko kulikonishangaza kuliko kitu kingine. Nilidhani ni hatua ndogo kabla ya kazi yenyewe. Mafuta ya jikoni hayatulii juu tu. Hupanda na mvuke, hutua juu ya milango, hushika vumbi, yakawa gundi. Ukipiga msasa kabla ya kuyatoa, unayasukuma ndani ya nyuzi za mbao, na rangi itakapokuja itajikunja na kuacha vijishimo. Niliosha kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, nikasuuza kwa maji safi na kitambaa kilichokamuliwa sana, nikaacha ikauke, nikaosha tena. Dalili niliyoitumia ni kitambaa cheupe: ukipangusa kwa nguvu juu ya ukingo wa juu wa mlango na kikarudi cheupe, umemaliza. Milango ya juu ya jiko ilichukua muda mara kadhaa ya ile mingine.

Wengine hutumia trisodiamu fosfeti, unga mkali wa kusafishia. Inafanya kazi vizuri sana, lakini inachoma ngozi na macho, inataka glavu na kusuuzwa vilivyo, maana mabaki yake nayo huzuia rangi kushika. Na kama nyumba yako imekuwa ikitumia dawa za kung'arisha samani zenye silikoni, osha zaidi ya unavyoona inatosha. Silikoni haionekani, na inafukuza rangi mpya kabisa.

Swali la kubandua vanishi yote au kuipiga msasa tu lilituchukua jioni nzima ya mabishano. Jibu linategemea unachotaka kuona mwishoni. Kama unataka mbao zenyewe zionekane kwa rangi mpya ya kunyonya, ile inayoingia ndani ya mbao bila kuzifunika, vanishi ya zamani lazima itoke yote, kwa sababu rangi ya kunyonya haipiti juu ya vanishi. Kama unafunika kwa rangi isiyoonyesha mbao, vanishi iliyoshika vizuri ni msingi mzuri. Unachohitaji ni kuiondolea mng'ao ili rangi ipate pa kung'ang'ania. Sisi tulichagua kufunika, kwa kuwa vifaa vyetu vilikuwa vinne tofauti na visingefanana kamwe kwa kunyonya.

Kama utabandua, soma kopo la dawa ya kubandua. Dawa za zamani zenye kemikali iitwayo dikloromethani zinafanya kazi haraka na zinaua. Marekani ilihesabu vifo 13 vya mafundi waliokuwa wakikwangua mabafu kwa dawa hiyo kati ya 2000 na 2011, na mwaka 2019 ikapiga marufuku dawa hiyo kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hukusanyika chumbani bila kukutisha. Zipo dawa za polepole zisizo nayo. Zinachukua usiku mzima na zinachosha roho, lakini utaamka.

Msasa wetu ulianza namba 120 kwenye fremu za mbao palipokuwa na matone ya vanishi ya kale, kisha 180, tukamaliza na 220; namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Kwenye vinia sikuthubutu kushuka chini ya 180. Vinia nyingi hazizidi milimita moja, mara nyingi ni nusu ya hapo, na kwenye pembe mashine ya msasa huzipenya kabla hujasikia tofauti. Pembe na mabonde ya milango nilifanya kwa mkono, karatasi imekunjwa juu ya kipande cha sponji. Fuata nyuzi za mbao, maana mikwaruzo ya kukata nyuzi huonekana hata chini ya rangi nzito. Melamini nayo niliikwangua kwa 180 mpaka mng'ao ukafa wote, mwanga wa dirishani ukawa haurudi.

Vumbi lisidharauliwe kwa kuwa ni la mbao. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kazi hii ifanyike nje kama una pa kufanyia, na barakoa iwe ile ya kuchuja vumbi laini, inayokaza usoni. Kitambaa cha kufunga mdomo hakisaidii. Kwa fremu ambazo haziwezi kutoka nje, tulitundika plastiki mlangoni na nikawa na kifyonza vumbi mkono wa pili.

Vishikio vya zamani vilikuwa na matundu mawili, na hapa kuna uamuzi ambao ufanyike kabla ya rangi. Umbali kati ya matundu huwa na vipimo vya kawaida: milimita 96, 128, 160. Ukinunua vishikio vipya vyenye umbali uleule, hakuna kazi. Ukitaka vya umbali tofauti, matundu ya zamani yazibwe sasa, yakauke, yapigwe msasa, yajazwe tena kwa sababu kijazo husinyaa, kisha matundu mapya yatobolewe kabla ya rangi ya mwisho. Skrubu za bawaba zilizolegea tulizitibu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, vikasukumwa tunduni hadi vikabana, vikakatwa, kesho yake tukatoboa upya. Zinashika hadi leo.

Kama mbao zako ni mwaloni, utaona mashimo marefu madogo ya nyuzi ambayo rangi haiyajazi. Kuna watu wanayapenda. Ukitaka uso laini kabisa, kuna kijazo maalumu cha nyuzi kinachopakwa, kikakwanguliwa, kikapigwa msasa, na mara nyingi kinarudiwa. Amua mapema, kwa sababu ukishaweka rangi ya msingi umechelewa.

Sasa rangi ya msingi, ile inayotangulia ili rangi yenyewe ishike. Hapa ndipo kazi iliponusurika au ingepotea, na nataka nieleze kilichotokea.

Fremu zetu zilikuwa za mbao nyekundu. Baada ya rangi ya msingi ya maji kukauka, zilionekana safi. Asubuhi iliyofuata palikuwa na madoa ya njano na hudhurungi yaliyopanda kutoka ndani, hasa kwenye vifundo na maungio. Nilidhani ni mafuta yaliyobaki na nikahisi machozi, maana nilikumbuka kila mlango nilioosha. Fundi jirani alipoona alisema mara moja kwamba si uchafu. Ni tanini, kemikali iliyomo kwenye mbao zenyewe: mwaloni, mkangazi, mierezi. Maji yaliyo kwenye rangi huiyeyusha, nayo hupanda pamoja na unyevu na kuketi juu. Unaweza kupaka tabaka kumi za rangi ya maji na doa litazipita zote.

Dawa yake ni rangi ya msingi isiyo ya maji. Iliyo bora kwa tanini na vifundo ni ya shelaki, utomvu wa mdudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Inakauka upesi, inafunga doa, inashika hata melamini, na juu yake unaweza kupaka rangi ya maji au ya mafuta. Harufu yake ni kali na mvuke wake unashika moto, kwa hiyo gesi ifungwe, kila moto uzimwe, madirisha yafunguliwe. Brashi husafishwa kwa spiriti. Thina ya kawaida haiitoi. Nilipaka fremu zote upya na madoa hayakurudi.

Kwa melamini na vitu vingine visivyonyonya, tafuta rangi ya msingi ambayo kopo lake linasema wazi kwamba inashika nyuso laini. Usiliamini kopo peke yake. Nilipaka kipande kidogo nyuma ya mlango mmoja, nikakiacha siku kadhaa, kisha nikakichana kwa wembe mistari inayokatana, nikabandika tepu, nikaikandamiza na kuivuta ghafla. Kama miraba inatoka na tepu, rangi haijashika, na ni heri ujue nyuma ya mlango mmoja kuliko kwenye jiko zima. Kipimo hiki kinatumiwa hata viwandani, na hakigharimu chochote. Ningeweza kumwomba msomaji jambo moja tu, ningemwomba hili.

Kingo za MDF zina kiu yake peke yake. Zinanyonya, zinavimba vinyweleo, zinakuwa kama kitambaa. Nilizipaka shelaki, nikapiga msasa 320 taratibu, nikapaka tena. Ndipo zikawa laini sawa na uso.

Kuhusu rangi yenyewe: ile ya kuta haifai, hata kama ni ya bei kubwa. Haigandi vya kutosha, na mlango utanata kwenye fremu kila unapoufunga. Rangi ya mafuta ya kawaida ni ngumu na nzuri kuipaka, ila nyeupe yake hugeuka njano kadiri muda unavyokwenda, hasa mahali pasipo na mwanga kama ndani ya kabati. Tulitumia rangi ya alkidi, aina ya utomvu wa kutengenezwa, inayochanganywa na maji, inayojilaza kama ya mafuta na kusafishwa kwa maji. Zipo pia rangi za viwandani za kuchanganya kopo mbili. Ni ngumu kuliko zote, lakini nyingi zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zikipuliziwa zinaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Hizo ziachwe kwa karakana zenye hewa ya kupumulia ya bomba.

Kwa hesabu, lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja juu ya uso laini. Pima mlango pande zote mbili, jumlisha, zidisha kwa tabaka utakazopaka. Nunua kiasi chote kwa pamoja na ukichanganye kwenye ndoo moja, kwa kuwa makopo mawili ya namba ileile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itakaa katikati ya jiko macho yako yakiitazama kila siku.

Sikukodi mashine ya kupulizia. Inatoa uso mzuri kuliko chochote, lakini inataka mazoezi, chumba kilichofungwa vizuri, na rangi iliyopimwa uzito. Nilitumia rola ndogo ya sponji kwa sehemu bapa na brashi ya nyuzi za sintetiki kwa mabonde. Mlango wenye paneli nilianza na mabonde, nikafuata paneli, kisha vipande vya kulala, mwisho vya kusimama, brashi ikimalizia upande wa nyuzi. Tabaka jembamba. Ukiona imeanza kukauka usirudi nyuma kurekebisha; mstari mmoja wa brashi utapigwa msasa kesho, lakini ukiuvuruga sasa utaacha kovu. Kati ya tabaka nilipitisha 320 kwa mkono mwepesi, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Nilipaka nyuma kwanza, mbele mwisho, ili kama kitu kitagusana na meza kiwe nyuma.

Kuna rangi zinazoruhusu tabaka la pili baada ya saa 4, nyingine zinataka 16. Fuata kopo. Kwenye baridi chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi au unyevu mwingi, ongeza muda. Na kama ulitumia mafuta ya kitani au rangi ya kunyonya ya mafuta, vitambaa vyake visikunjwe na kutupwa pipani. Vinajipasha joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka bila kibiriti. Vitandazwe nje kimojakimoja hadi vikakamae, au vizamishwe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma.

Katikati ya kazi nilikata tamaa. Nasema wazi kwa sababu picha za watu hazionyeshi wiki hizo. Milango ilikuwa imetandazwa kila mahali, mgongo unauma, watoto wamechoka kuambiwa wasiguse, na kila jioni baada ya kazi ya kuajiriwa nilikuwa narudi kwenye msasa. Mume wangu, ambaye tangu mwanzo hakutaka, alinikuta nimekaa sakafuni nimeshika mlango mmoja. Hakusema lolote kuhusu nani alikuwa sahihi. Alichukua barakoa, akapiga msasa milango iliyobaki usiku ule. Kama una mtu wa kushika upande wa pili, mwombe kabla hujafika hapo.

Rangi ilipokauka, nilitaka kurudisha kila kitu jioni ileile. Fundi akanizuia. Kukauka na kugangamala ni mambo mawili. Rangi hukauka kwa kugusa ndani ya saa chache, lakini kufikia ugumu wake kamili huchukua wiki kadhaa. Kopo letu lilisema siku 30. Kabla ya hapo, milango miwili ikigusana inashikana, na ukiitenganisha tabaka linatoka. Tuliiacha ikisimama bila kugusana kadiri tulivyoweza kuvumilia, kisha tukairudisha ikiwa na vidoti vya mpira kwenye pembe ili isilale juu ya fremu. Mwezi wa kwanza tulipangusa kwa kitambaa chenye maji tu, bila sabuni kali.

Kurudisha kulikuwa furaha tupu. Bawaba za kikombe zina skrubu za kurekebisha: moja inapeleka mlango kushoto na kulia, nyingine ndani na nje, na zile za bamba juu na chini. Funga yote kwanza kwa ulegevu, simama mbali, halafu rekebisha ukianzia mlango wa katikati. Nilitumia mchana mzima na sikuona muda.

Kuhusu gharama, rangi yenyewe haikuwa hata nusu. Kilichokula pesa ni vitu vinavyoisha: karatasi za msasa, rola, tepu, barakoa, glavu, plastiki, spiriti, ile rangi ya shelaki ambayo haikuwamo kwenye bajeti, na vishikio vipya. Weka akiba ya theluthi moja juu ya unachodhani. Hata hivyo jumla ilikuwa sehemu ndogo ya makadirio ya makabati mapya. Muda ndio tulioulipa kwa ukamilifu, na mtu ambaye hana jioni za kutoa afadhali amlipe fundi.

Sasa imepita zaidi ya mwaka. Kwenye baadhi ya milango mstari mwembamba umeonekana pale vipande vinapoungana. Mbao hupanuka na kusinyaa na hewa, na rangi hufuata. Paneli mbili zilisinyaa wakati wa ukame zikaonyesha ukanda usio na rangi pembeni, nikaupaka kwa brashi ndogo. Mlango wa pipa la taka, unaofunguliwa kwa vidole vyenye maji mara nyingi kwa siku, umechubuka juu. Melamini haijaachia popote. Madoa ya tanini hayajarudi.

Rangi iliyobaki niliimimina kwenye chupa ndogo ya kioo, ikajaa hadi kwenye kifuniko ili hewa isiigandishe, nikaandika jina la rangi, namba yake, mng'ao wake na tarehe. Mlango wa pipa nitaufanya wikendi hii: nitauosha mafuta, msasa 320 palipochubuka, shelaki kidogo pale mbao zinapoonekana, kisha tabaka mbili nyembamba.